Dakika Nne kwa Kila Mzee



Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo miguu yangu iliijua kabla ya kichwa changu: kazi ya uuguzi katika makao ya wazee nchini Marekani. Najua wapo wanaonisikia sasa hivi wakiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya makao hayo, huko Dallas, Minneapolis au Lowell, sare mwilini, zamu inaanza baada ya robo saa na mkono unasita kufungua mlango. Wapo pia wanaonisikia wakiwa Tanga, Kisumu na Bukavu, wenye dada au mtoto wa shangazi anayefanya kazi hiyo, na ambao kila mwisho wa mwezi hupokea kitu kilichotoka kwenye zamu hizo. Nazungumza na pande zote mbili, maana kila upande unaijua nusu tu ya habari.

Nianze na hesabu. Tatizo liko kwenye hesabu, na kwa miaka mingi mimi nilidhani liko kwangu.

Chukua ukumbi mmoja wenye wazee 28 na muuguzi mmoja. Dawa za asubuhi zimeandikiwa saa mbili. Kwa utaratibu wa makao mengi, dawa ya saa mbili inaweza kutolewa kuanzia saa moja mpaka saa tatu. Ikipita hapo, jina la mzee linageuka jekundu kwenye kompyuta na dawa inahesabiwa kuwa imechelewa. Kwa hiyo muuguzi ana dakika 120. Zigawe kwa wazee 28. Kila mzee anapata dakika 4 na sekunde 17.

Sasa ingia ndani ya hizo dakika nne. Unasukuma kigari cha dawa mpaka mlangoni. Unahakikisha ni yeye, kwa jina na kwa picha. Unampima presha, kwa sababu moja ya dawa zake haitolewi presha ikiwa imeshuka. Unatoa vidonge, na huyu hana kimoja wala viwili, anavyo tisa. Hawezi kuvimeza vizima, basi unavisaga na kuvichanganya na tufaha lililopondwa, lakini kwanza unaangalia kipi hakisagwi, maana vipo vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole, na ukikisaga, dozi ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Unamkalisha wima asije akapaliwa. Unasubiri ameze. Anakuuliza mume wake yuko wapi. Mume wake alikwisha fariki miaka mingi, na swali hilo halijibiwi na mtu anayetazama saa. Unaandika. Unanawa mikono. Unasukuma kigari.

Huyo alikuwa mwepesi. Wa pili analishwa kwa mpira uliopita tumboni; kila dawa yake inapitishwa peke yake, na maji katikati, na robo saa inakwisha hapo kwake. Wa tatu ana kisukari, insulini yake inatakiwa kabla hajagusa chakula. Wa nne amekataa dawa zote na kikombe amekirusha ukutani. Na bado simu haijalia, bado mtoto wa mama wa chumba cha mwisho hajaja kuuliza kwa nini mama hajabadilishwa nguo, bado hajaanguka mtu.

Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kazi hiyo inakwisha kwa kujipanga vizuri tu. Hesabu haikubali.

Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mimi niliambiwa. Nilikuwa kwenye zamu ya usiku, katika makao ambayo sitayataja jina. Wazee 41, muuguzi ni mimi peke yangu, wasaidizi wawili badala ya wanne. Kabla ya saa tisa usiku mzee mmoja akaanguka chooni. Mzee akianguka humwinui mpaka umemkagua kichwa, shingo na nyonga. Unampigia daktari wa zamu, unaiamsha familia kwa simu, unaandika. Na kama hakuna aliyeona alivyoanguka, unarudi kumchunguza macho na fahamu tena na tena mpaka kunapambazuka. Nikiwa kwenye hayo, kengele ya chumba kingine ikalia. Nikajiambia, dakika moja tu. Zilipita zaidi ya ishirini. Nilipofika, bibi aliyekuwa akiita alikuwa amejaribu kwenda chooni mwenyewe, amekaa sakafuni, nguo imelowa, analia bila sauti. Hakuvunjika popote. Aliponiona aliniomba radhi kwa usumbufu. Yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi.

Asubuhi msimamizi wangu akazitazama karatasi, akasema ninahitaji kujifunza kupanga muda. Nikaingia chumba cha mashuka, nikafunga mlango. Na jambo ninalotaka ulisikie, wewe uliye kwenye maegesho, ni kwamba nilimwamini. Kwa miaka miwili baada ya usiku ule nilifika kazini nusu saa kabla ya saa yangu. Nilikuwa sili. Nilikuwa sinywi maji ili nisipoteze muda wa kwenda haja. Zamu ikiisha nilijiandikisha kuwa nimetoka, halafu nikarudi kwenye kompyuta kuandika kwa saa nzima bila malipo. Nilikuwa nalipa kwa mwili wangu deni ambalo sikulikopa.

Deni hilo lina historia, na muuguzi anayeijua hulala vizuri zaidi kuliko asiyeijua. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyobadilisha makao ya wazee ya Marekani. Ilileta mema mengi; kwa mfano, ilimpa mzee haki ya kutofungwa kitandani au kwenye kiti kwa ajili tu ya kuwarahisishia watu kazi. Kuhusu wauguzi, ilitaka awepo mwenye leseni saa zote 24, na aliyesajiliwa, yule tunayemwita RN, awepo angalau saa 8 mfululizo kila siku. Zaidi ya hapo ikasema watumishi wawe wa kutosha. Sasa, neno kutosha! Mpishi akikwambia tia chumvi ya kutosha, kila mkono hutia kipimo chake, na anayeinunua chumvi hutia kidogo.

Mwaka 2001 utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe ulionyesha kwamba chini ya saa 4.1 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, ukijumlisha wauguzi na wasaidizi wao, ubora wa matunzo huanza kuathirika. Hesabu hiyo ilikaa kabatini zaidi ya miaka ishirini. Mwezi Aprili 2024 serikali ya Rais Joe Biden ikatoa kanuni ya kwanza ya kitaifa yenye namba: saa 3.48 kwa kila mkazi kwa siku, ndani yake dakika 33 ziwe za RN na saa 2 na dakika 27 ziwe za wasaidizi, na RN awepo usiku na mchana. Namba hiyo ni ndogo kuliko ile ya mwaka 2001, lakini ilikuwa namba. Haikufika mbali. Mwezi Aprili 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas alizibatilisha nguzo zake kuu. Mwezi Julai mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyozuia kanuni hiyo isitekelezwe mpaka mwaka 2034. Na kabla mwaka haujaisha, idara iliyoitunga ikatangaza kuifuta.

Wenye makao walisema wauguzi hawapatikani, hasa vijijini, na kwamba malipo ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo ndiyo yanayowalipia zaidi ya nusu ya wazee hao, hayatoshi kuajiri watu zaidi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na mwenye kutaka haki ya wauguzi lazima aijibu. Lakini swali la kwa nini wauguzi hawapatikani lina jibu pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Health Affairs ulikuta kwamba wastani wa wauguzi na wasaidizi wanaoacha kazi kwa mwaka katika makao hayo ni asilimia 128. Maana yake ni kwamba wanaotoka kwa mwaka mmoja ni wengi kuliko nafasi zenyewe. Watu wanapatikana. Hawakai.

Na sisi tunaingia pale walipotoka wengine. Mnakumbuka ule usemi wa kwetu, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Waliousema waliwaona wapagazi wakitembea kutoka bara mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakadhani ile nguvu ni tabia ya kabila. Ilikuwa safari, ilikuwa njaa, ilikuwa malipo madogo, na wengi walifia njiani. Kwenye makao ya wazee nimewasikia wasimamizi wakitusifu: nyinyi kutoka Afrika ni wachapakazi, nyinyi mna subira, nyinyi hamlalamiki. Wengine wanasema kwa moyo mweupe kabisa. Lakini chunguza, sifa hiyo huja lini. Huja saa ambayo mwenzako hajafika, na ukumbi wa pili unatafutiwa mtu. Nawasihi wauguzi wenzangu, hasa mliofika karibuni na bado mnahesabu siku za karatasi zenu: msiruhusu sifa ya watu wetu iwe ndiyo mashine ya kupandishia mizigo.

Sasa, tufanye nini, ilhali kesho zamu ipo?

Aliyenifundisha alikuwa muuguzi wa Kifilipino, mama mtu mzima, nilipohamia makao mengine. Kila siku alipopokea zamu hakugusa kigari cha dawa. Alitembea ukumbi wote kwanza, mlango hadi mlango, mikono mitupu, kama dakika nane hivi. Mimi niliona anapoteza muda. Siku moja aliniambia nimfuate. Kila mlango alisimama, akamsalimia mzee, akamtazama anavyopumua, rangi yake, kama mpira wa mkojo unatiririsha, kama kengele ya kuita iko karibu na mkono. Tulipomaliza alikunja karatasi mara nne, akaniuliza: nani leo hawezi kusubiri? Nikamtajia dawa za saa mbili. Akatikisa kichwa, akasema, sikukuuliza nini, nimekuuliza nani.

Swali lile ndilo lililoniokoa. Kwa sababu muuguzi mwenye kazi ya watu wawili hana chaguo la kumaliza au kutomaliza, hatamaliza. Chaguo alilo nalo ni kitu gani kibaki. Kama hachagui yeye, bahati itamchagulia, na bahati humwacha mzee anayekufa kimyakimya na kumpeleka muuguzi kwa mzee anayepiga kelele. Siku hizi naanza na anayepumua kwa shida, na mwenye sukari iliyoshuka, na aliyebadilika tabia tangu jana. Mzee mtulivu aliyeamka mkali, au mchangamfu aliyeamka amezubaa, mara nyingi ana maambukizi yaliyoanza, na ukimkuta saa moja asubuhi umemwokoa na gari la wagonjwa la saa tisa alasiri. Kidonge cha vitamini kitachelewa. Nitaandika kwamba kilichelewa na kwa nini, na sitalia chumba cha mashuka kwa ajili ya vitamini.

Na kuna watu ambao bila wao hakuna muuguzi anayeimaliza zamu salama: wasaidizi, wale wanaoitwa CNA. Sheria ya shirikisho inataka wafunzwe angalau saa 75 tu, na wengi wenu mnaonisikia mlianzia hapo, kama nilivyoanza mimi. Lakini wao ndio wanaomwogesha mzee, ndio wanaoiona ngozi ya kisigino ikianza kuwa nyekundu siku mbili kabla haijawa kidonda. Wao wanajua bibi gani hajamaliza uji. Nimewaona wauguzi wakipata leseni na kusahau walikotoka, wanatoa amri wakiwa wameketi. Hao hukosa habari. Mimi nikipokea zamu naketi na wasaidizi wangu dakika tano, tunagawana: nani anageuzwa kila saa mbili, nani hainuliwi na mtu mmoja hata akisema anaweza, nani ana hatari ya kuanguka saa za jioni ambapo waliopungukiwa kumbukumbu huanza kutafuta njia ya kwenda kwao. Halafu, na hili nalisisitiza, namsaidia msaidizi kumgeuza mzee mzito hata kama jina limegeuka jekundu kwenye kompyuta. Dakika zile tatu hurudi. Anapoona jambo saa nane usiku anakuja kuniambia, kwa sababu alikwisha niona nimeinama naye.

Jambo jingine ni kuandika. Simaanishi kuandika kwa kompyuta kuhusu mgonjwa, hilo tunalifanya mpaka vidole vinauma. Namaanisha kuandika kuhusu mzigo wenyewe. Ukipewa wazee 41 peke yako, mpigie msimamizi, sema idadi, sema hatari unayoiona, omba msaada, na uandike saa uliyopiga na jibu ulilopewa. Sema kwa adabu na bila kupandisha sauti, lakini sema. Mlioko Texas, sheria inawapa kitu kinachoitwa Safe Harbor: muuguzi anayeamini kwa nia njema kwamba kazi aliyopangiwa itahatarisha wagonjwa anaweza kuomba kwa maandishi, kabla ya kuianza, ulinzi wa leseni yake na ulinzi dhidi ya kulipiziwa kisasi. Fomu ziko kwenye tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya jimbo hilo. Majimbo kadhaa mengine yana sheria zinazozuia kumlazimisha muuguzi kubaki kwa zamu ya pili. Tafuta ya kwako inasemaje kabla ya siku utakayoihitaji. Na jihadhari na kosa moja: ukishapokea wagonjwa, usiondoke kwa hasira katikati ya zamu bila kumkabidhi mtu. Hapo leseni inaingia hatarini, na hatari hiyo inakuwa yako, si ya aliyekupangia.

Nilisema nitazungumza pia na walio nyumbani. Ndugu zangu, huko kwetu tunawaita jamaa wa ng'ambo wabeba maboksi, na tunadhani boksi likishatuliwa mtu hupumzika. Sikilizeni. Muuguzi wa usiku anayetoka kazini saa moja asubuhi huko Dallas, ninyi wa Tanga na Kisumu mko saa tisa alasiri wakati wa kiangazi chao. Akifika, akaoga, akalala saa tatu, kwenu ni saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo kuanzia jioni mpaka karibu saa tano za usiku wenu, muda ambao familia imekaa na simu ina chaji, kwake ndiyo usiku wa manane. Kila simu ya ada, ya msiba wa jirani, ya bati za nyumba, inaingia hapo. Hawezi kuizima, kwa sababu siku moja inaweza kuwa ni mama. Analala kwa vipande vipande, anaamka, anarudi.

Na mahitaji yakizidi, anaunganisha zamu. Mchana na usiku, saa kumi na sita. Utafiti wa mwaka 2004 kwa wauguzi wa hospitali huko Marekani ulikuta kwamba waliofanya zamu ya saa 12 na nusu au zaidi walikuwa na uwezekano wa kukosea mara tatu ya wenzao. Kukosea katika kazi hii ni insulini ya mtu mmoja kuingia kwa mwingine. Sisemi msiombe, tunatumiana kwa sababu tunapendana, na shule za wadogo zetu zimejengwa na fedha hizi. Ninaomba kabla ya kupiga mumuulize yuko zamu gani wiki hii, na akisema mwezi huu siwezi, mlichukue jibu hilo kama mlivyochukua fedha, kwa mikono miwili.

Nije kwenye jambo gumu zaidi, ambalo nimelisogeza mbele kwa sababu nalionea haya.

Kwenye ukumbi wangu alikuwapo mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Huko wazee huitwa kwa majina yao ya kwanza, na mdomo wangu ulikataa katakata kumwita mtu wa miaka 88 kama ninavyomwita mdogo wangu. Nikawa namwambia shikamoo. Akaniuliza maana yake, nikamweleza, akaifurahia, akajifunza kuitikia. Kila asubuhi: shikamoo, mzee. Marahaba, anasema, kwa ulimi wa Texas, anainua na mkono. Wauguzi wengine wakaanza kumwamkia vilevile.

Asubuhi moja nilipita mlangoni kwake bila kumwamkia. Sikuwa na haraka kuliko siku nyingine. Nilimwona amenigeuzia uso, anangoja, na ndani yangu hapakuwa na kitu. Nikaweka dawa, nikasubiri ameze, nikaondoka. Kwa mwenzangu nikasema: kumi na nne tayari. Kumi na nne ni namba ya chumba. Mzee yule alikuwa amekuwa namba mdomoni mwangu, na mimi sikusikia nilipoitamka.

Mwanasaikolojia Christina Maslach wa California alipotengeneza pamoja na Susan Jackson kipimo cha hali hii ya kuchoshwa na kazi, mwaka 1981, aliona kwamba ina sehemu tatu: mtu kuishiwa nguvu, mtu kuwa baridi kwa wale anaowahudumia, na mtu kuona kwamba hakuna la maana analofanya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Inatokana na kazi. Kiswahili chetu kina neno linaloikaribia sana, kujichokea, lakini tunalitumia kwa fukara, kwa mtu aliyeishiwa mpaka nguo. Naona linafaa hapa pia. Muuguzi anaweza kujichokea akiwa na sare safi na gari jipya.

Kwangu dalili haikuwa mgongo wala usingizi, hivyo nilivizoea. Dalili ilikuwa ile salamu. Kila mmoja wenu ana ya kwake: kuna anayeacha kuimba akiwaogesha, kuna anayeanza kuwakasirikia wanaoita kengele, kuna anayefurahi kimoyomoyo mzee mwenye kazi nyingi akipelekwa hospitali. Ukiiona, usiifiche kwa aibu. Mwambie mtu siku hiyohiyo. Mimi nilimwambia yule mama wa Kifilipino, kisha nikamwona daktari, nikakataa zamu za nyongeza kwa miezi mitatu, na nyumbani nikapiga simu nikasema fedha zitapungua. Ilikuwa simu ngumu kuliko kifo chochote nilichowahi kukitangaza kwa familia. Mama yangu alinyamaza, halafu akaniuliza: unakula lakini?

Mzee wa reli alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Usiku ule nilikaa naye dakika kumi na tano nikiwa sina hata moja ya kutoa, nimemshika mkono, na kwenye kompyuta majina manne yamegeuka mekundu. Niliandika sababu, kwa jina langu. Hakuna aliyeniuliza.

Nina ombi moja kwa kila mwenye mzazi au jirani au rafiki katika makao hayo, na kwa kila anayekwenda kule kusali na wazee siku ya Jumapili. Sheria inalazimisha kila makao ya wazee yanayopokea fedha za serikali ya shirikisho kubandika kila siku, mahali panapoonekana, karatasi yenye idadi ya wakazi na idadi ya wauguzi na wasaidizi wa kila zamu. Watu wanaipita kila siku kama wanavyopita kalenda ya ukutani. Isome. Gawa namba moja kwa nyingine. Kama jibu linakutia hofu, kamuulize mkurugenzi wa makao, na asipokujibu, kila jimbo lina ofisi ya kutetea wakazi wa makao haya, na simu yake nayo inatakiwa iwe imebandikwa mahali pa wazi. Muuguzi akilalamika ataambiwa ajifunze kupanga muda. Wewe hawawezi kukwambia hivyo. Piga simu.